Mvua haiui barabarani, ni sisi tunaoua

Ilikuwa Jumanne asubuhi, karibu saa moja na nusu, kwenye mtelemko wa Nyamugo, komini ya Kadutu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na yalikuwa yamebaki manyunyu tu. Nilikuwa ninashuka kwa miguu kwenda kazini, viatu mkononi, kama wanavyofanya watu wengi wa huku juu msimu huu. Mbele yangu ilikuwa moto moja. Juu yake alikuwa motari, mama mmoja, na watoto wawili wenye sare ya shule, nyeupe na bluu. Watu wanne na kaske moja, na hiyo kaske ilikuwa imetundikwa kwenye usukani. Mama alikuwa amefungua mwavuli.

Nyuma yao ikaja taksi. Ilipiga honi mara moja, mara mbili, mara tatu. Shoferi alitaka kupita palepale, kwenye kona, kwenye mtelemko, kwenye maji. Motari akasogea pembeni ili amwachie njia, na huko pembeni kulikuwa na udongo mwekundu ulioletwa na maji ya usiku. Gurudumu la nyuma likateleza. Wote wanne wakaanguka. Shoferi akakanyaga breki kwa nguvu zake zote, na gari nayo ikateleza kama sabuni. Mpira wa mbele ukapita juu ya mguu wa mtoto wa kike ambaye, nilipouliza baadaye, niliambiwa ana miaka tisa.

Sitasahau kilio chake. Lakini leo sitaki kuandika juu ya kilio. Nataka kuandika juu ya maneno yaliyofuata.

Shoferi alisema: «Breki nimekanyaga, ni mvua.» Motari, damu ikimtoka kwenye kiwiko, alisema: «Ni mvua.» Mzee mmoja aliyekuwa anafungua duka lake alitikisa kichwa: «Mvua ya mwaka huu ni mbaya.» Mama aliyekuwa anauza sambaza alisema ni mapenzi ya Mungu. Na mimi, saa sita na nusu, mbele ya mikro, nilisoma hivi: «Mvua iliyonyesha usiku imesababisha ajali moja huko Kadutu, mtoto mmoja ameumia.»

Nimeisoma sentensi hiyo kwa sauti yangu mwenyewe. Na ilikuwa uongo.

Tuhesabu basi

Mvua haikupandisha watu wanne juu ya moto iliyotengenezwa kwa ajili ya wawili. Mvua haikutundika kaske kwenye usukani. Mvua haikumfungulia mama mwavuli, na kila motari anajua kwamba mwavuli juu ya moto ni kama tanga la mtumbwi, upepo ukiushika unavuta wote pamoja. Mvua haikupiga honi mara tatu. Mvua haikuweka kwenye taksi ile mipira niliyoigusa kwa mkono wangu baada ya ajali, laini kama kipara cha mzee, haina hata jino moja.

Mvua ilifanya kazi yake, ilinyesha. Mengine yote tuliyafanya sisi.

Tena nasema: iko mvua inayoua kweli, na sisi wa Kivu ya Kusini tunaijua kuliko wengine. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya Alhamisi, siku ya soko, maji na mawe vilishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi, teritware ya Kalehe. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Wale watu hawakuwa na la kufanya. Ndiyo sababu ninakasirika ninaposikia neno moja linatumiwa kwa wale wa Bushushu na kwa taksi ya Nyamugo. Kusema «mvua imeua» kwa ajili ya mtu aliyekimbiza gari kwenye kona ni kuwakosea heshima waliozikwa Kalehe.

Sisi hatuna theluji, tuna udongo

Ndugu zetu walioko Kanada hutupigia simu wakitueleza baridi ya huko. Huko Québec sheria inamlazimisha kila mwenye gari kuvaa mipira ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi tarehe 15 Machi. Si ombi, ni sheria. Mkongomani wa Bukavu akifika huko anatii. Anabadili mipira, anapunguza mwendo, anaacha nafasi kubwa kati yake na gari la mbele, kwa sababu ameambiwa kwamba theluji haina huruma.

Sasa mtu huyohuyo, kabla hajaondoka, alikuwa anashuka Nyamugo mwezi wa kumi na moja na mipira ya kipara. Je, udongo wetu una huruma kuliko theluji? Mji wetu uko kwenye vilima, karibu mita 1.500 juu ya bahari. Mvua inaanza mwezi wa tisa na haituachi mpaka mwezi wa tano. Miezi tisa! Theluji yao inakaa miezi michache. Sisi ndio tungepaswa kuwa walimu wa dunia nzima katika kuendesha gari kwenye utelezi.

Tuchukue hesabu ndogo. Gari inayokwenda kilometa 40 kwa saa inakula mita 11 kwa kila sekunde. Kabla mguu wako haujafika kwenye breki, sekunde moja imekwisha, mita 11 zimekwenda. Halafu, kwenye lami kavu na mipira mizuri, unahitaji mita nyingine 9 hivi ili usimame. Kwenye lami yenye maji, hesabu karibu mara mbili. Kwenye udongo mwekundu uliolowa, hesabu mara tatu au zaidi, na hapo nasema njia tambarare. Weka sasa mtelemko wa Kadutu, weka mipira ya kipara, weka abiria saba katika gari la watano. Ukizidisha mwendo mara mbili, umbali wa breki unazidi mara nne. Mtoto aliye mbele yako hana mita hizo za kukukopesha.

Na mvua ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote. Kiangazi chote, mwezi wa sita mpaka wa nane, barabara inakusanya vumbi na mafuta yanayodondoka chini ya magari. Matone ya kwanza yanavichanganya vitu hivyo na kutengeneza uji unaoteleza. Dakika zile ambazo shoferi anasema «bado haijanyesha sana, nikimbie» ndizo za kupunguza mwendo.

«Lakini barabara ni mbaya»

Najua mtaniambia hivyo. Ni kweli, na sitawatetea wanaohusika. Barabara nyingi za mji huu zilichorwa wakati wa wakoloni, Bukavu ikiitwa bado Costermansville, kwa ajili ya magari machache na watu wachache. Leo kanivo zimezibwa na chupa za plastiki, nyumba zimejengwa juu ya njia za maji, na maji yakikosa njia yanachukua ya magari. Tangu 2008 kuna mfuko wa kutengeneza barabara, FONER, ulioanzishwa kwa sheria na kulishwa na pesa ya mafuta na ya vizuizi vya barabarani. Raia ana haki ya kuuliza pesa hiyo ilifanya nini hapa kwetu. Mimi nimeuliza, na nitauliza tena.

Lakini nisikilize vizuri, ndugu shoferi. Barabara mbaya ni sababu ya kwenda polepole. Haiwezi kuwa sababu ya kwenda mbio. Unaposema «barabara ni mbaya» baada ya kumgonga mtu, unakiri kwamba ulijua. Uliijua shimo ile, uliijua kona ile, unaipita mara ishirini kwa siku. Sheria ya 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, ambayo ndiyo kanuni yetu ya barabara, inamtaka mwenye kuendesha apime mwendo wake kulingana na hali ya njia, ya gari lake na ya macho yake. Haisemi «kama njia ni nzuri». Inasema kinyume chake: njia ikiwa mbaya, wewe ndiye unayepaswa kubadilika.

Wengine wataniambia: baada ya yote tuliyoyapitia tangu Februari 2025, wewe unatuletea habari ya mipira na honi? Ndiyo, ninaleta. Tumezika watu wengi kwa mambo ambayo hayakuwa mikononi mwetu. Hili liko mikononi mwetu, na mguuni mwetu, kwenye pedali.

Tukivuka Ruzizi tunakuwa watu wengine

Najua neno hili litawaudhi wengi, na najua kutaja Rwanda katika mji huu si jambo dogo. Lakini mwandishi asiyesema alichokiona afunge daftari.

Kwa miaka mingi, magari yetu yanayokwenda Uvira yamekuwa yakikwepa milima ya Ngomo, kule ambako malori yanaanguka bondeni, na kupitia ng'ambo, kuvuka Ruzizi, kupita Bugarama na kuingia tena Kongo kwa Kamanyola. Nimeisafiri njia hiyo mara nyingi. Kila mara ninaona muujiza uleule. Upande wetu, shoferi anaongea na simu, mkanda unaning'inia, anapita kwenye kona. Tunavuka daraja. Simu inaingia mfukoni. Mkanda unafungwa. Anatugeukia: «Wapendwa, mikanda!» Mwendo unashuka. Mvua ni ileile, vilima ni vilevile, gari ni lilelile, mtu ni yuleyule. Tunaingia Kamanyola, mkanda unafunguliwa.

Sisemi wao ni bora kuliko sisi. Nasema kinyume: yule aliyeendesha vizuri kwa saa nzima ng'ambo ni Mkongomani, ni mtoto wa Bukavu. Anajua kuendesha. Anaweza. Hakosi akili wala masomo. Anachokosa akiwa nyumbani ni kitu kimoja: kuona kwamba watu wa kwao wanastahili uangalifu uleule anaowapa watu wa wengine kwa kuogopa faini. Hilo ndilo linaloniuma kuliko udongo wote wa Kadutu.

Bosi wa gari, na wewe uje hapa

Sitamwacha shoferi peke yake kwenye kiti cha mashitaka. Nyuma yake kuna mtu ambaye halowi mvua. Ni mwenye gari, mwenye moto, yule anayengojea versement kila jioni.

Wote tunajua namna inavyokwenda. Motari au shoferi wa taksi hana mshahara. Anapaswa kumpelekea bosi pesa iliyopangwa kila siku, na kinachobaki ndicho chakula cha watoto wake. Mvua ikinyesha kuanzia saa mbili mpaka saa sita, amesimama chini ya baraza na wengine, anahesabu. Kliya hawapo. Versement haipungui. Mvua ikikatika, ana saa chache za kutafuta pesa ya siku nzima, na saa hizo ndizo ambazo barabara inateleza kuliko wakati wowote. Ndiyo maana anakimbia, ndiyo maana anapakia watu wanne, ndiyo maana anapiga honi kama mwehu.

Bosi, wewe ndiye uliyepanga hesabu hiyo. Na ukiombwa mipira mipya unasema «hii bado inatembea». Kweli inatembea. Tatizo ni kwamba haisimami.

Ninapendekeza jambo moja, wala halihitaji serikali wala msaada wa kutoka nje: siku ambayo mvua imenyesha nusu ya siku, versement iwe nusu. Vyama vya wamotari na vya mashoferi vikae na wenye vyombo, viandike jambo hilo kwenye karatasi. Bosi atapoteza franka chache msimu huu. Akikataa, atapoteza moto nzima, na mtu mwingine atapoteza mtoto.

Adabu ya barabara

Kuna pia mambo madogo ambayo hayaui, lakini yanaonyesha tunavyochukuliana.

Wewe mwenye jipu ya vioo vyeusi unayepita karibu na Nyawera bila kupunguza mwendo kwenye dimbwi: yule msichana uliyemwagia tope amefua sare hiyo jana usiku kwa maji aliyoyachota mbali, na hana nyingine. Yule mama aliyebeba gunia mgongoni, kamba kwenye paji la uso, hawezi kuruka pembeni. Wewe una paa juu yako. Yeye hana. Asiyelowa ndiye anayepaswa kungojea.

Kwenye njia nyembamba ya mlima, mwachie anayepanda. Akisimama katikati ya udongo, hataweza kuondoka tena, atarudi kinyumenyume juu ya watu. Wewe unayeshuka unaweza kusimama, kama umeshuka kwa vitesi ya kwanza au ya pili. Na hapo niseme waziwazi: kushuka mlima bila vitesi ili kuokoa esanse ni wazimu. Injini ndiyo breki yako ya kwanza. Ukiitoa, unaziachia breki za magurudumu kazi yote, zinachemka, halafu unasema «zimekataa». Hazikukataa. Ulizichosha.

Mvua ikiwa kali, washa taa hata mchana, lakini zile za chini, usimtupie mwenzako za juu machoni. Ukipita kwenye maji mengi, kanyaga breki kidogokidogo baada ya kutoka, zikauke. Na kwa kuwa magari mengi tunayonunua yanatoka Japani, usukani uko kuume, na sisi tunatembea upande wa kuume, wewe shoferi huoni kinachokuja mpaka nusu ya gari lako imekwisha kutoka. Kwenye kioo chenye ukungu huoni hata hicho. Basi usipite. Gari la mbele si adui yako.

Na sisi kliya

Nani anasema «kimbiza, nimechelewa»? Ni sisi. Nani anakubali kukaa wa tatu kwenye moto ili alipe kidogo? Ni sisi. Nani anaikataa kaske kwa sababu inaharibu nywele au inanuka jasho la wengine? Sisi. Yule mama wa Nyamugo anampenda mtoto wake kuliko mimi ninavyoweza kuandika. Alifungua mwavuli ili mtoto asilowe. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kulowa kunapona kwa jua la saa nne.

Tunaweza kusema «papa, polepole, sina haraka». Tunaweza kusema «yaya, kwenye tope hili nitashuka, nitatembea, unipakie kule chini». Nimejaribu. Wamotari wengi hawakasiriki, wanashukuru. Wanangojea tu mtu wa kuwapa ruhusa ya kwenda polepole.

Sentensi yangu

Shirika la Afya Duniani linahesabu watu karibu milioni 1,19 wanaokufa barabarani kila mwaka duniani kote, na linasema ajali za barabara ndizo zinazoua vijana na watoto wa miaka 5 hadi 29 kuliko jambo lingine lolote. Wengi wao, ninaamini, waliandikwa kwenye daftari fulani kwa neno moja: mvua, giza, breki, bahati mbaya. Neno likiisha kuandikwa, hakuna anayeulizwa kitu.

Nilikwenda kumwona yule mtoto. Mfupa wa paja umevunjika sehemu mbili. Atakosa shule kwa muda mrefu. Mama yake ameuza cherehani ili alipe matibabu. Shoferi alikuja mara moja na kilo mbili za sukari, akalia, akaondoka. Sikuona mtu mbaya. Niliona kijana aliyechoka, aliyeniambia kwamba siku ileile jioni bosi alimdai versement yote.

Mtoto aliniuliza kama mimi ndiye ninayeongea kwenye redio. Nikamwambia ndiyo. Akasema: «Mlisema ni mvua.» Sikuwa na la kujibu.

Basi ninaisahihisha hapa, na nimekwisha kuomba niisahihishe mbele ya mikro pia: Jumanne ile asubuhi, huko Nyamugo, taksi yenye mipira iliyokwisha ilitaka kuipita kwenye kona moto iliyopakia watu wanne, na mtoto mmoja akavunjika mguu. Kulikuwa na mvua.

Kuanzia leo, katika habari zangu, mvua itatajwa mwisho.

Mwandishi wenu, Bukavu